Sauti Tatu za Mwongeli

Nthoki alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, mgongo kwa jiko, pale mwanga wa asubuhi unapoingia vizuri. Maziwa yalikuwa yamebakisha kidogo tu yafurike.

"Mama Mwongeli, sasa maziwa yanapanda," ikasema sauti ya Kanjo kutoka chumba cha ndani.

Nthoki akainuka, akazima gesi, akasema asante, akarudi kwenye mchele wake. Ilikuwa Jumamosi. Nje, kwenye mfereji wa maji wa pamoja, wanawake wa mtaa wa Jericho walikuwa wameshaanza kufua na kusengenyana kama ilivyo ada.

Huyo Kanjo hakuwa mtu. Alikuwa sauti, moja kati ya tatu zilizoishi na binti yake Mwongeli. Watu walimpa jina hilo kwa vile aliongea kama askari wa jiji aliyewakuta wachuuzi kando ya barabara: simama, keti, toa hiyo, nani kakuruhusu? Wa pili aliitwa Niaje, kwa kuwa hakuweza kufungua kinywa bila salamu hiyo ya vijana, na wajuzi wa mambo hayo walisema lafudhi yake ni ya mtaa wa Lucky Summer kabisa. Wa tatu alikuwa mwanamke, naye aliitwa Shangazi, maana alijua makosa yote ya Mwongeli tangu utotoni na hakusahau hata moja. Wote watatu walitokea nyuma ya bega la kushoto la Mwongeli, kimo cha sikio. Walisikika nyumba nzima na hata kwa Teresiah, muuza mboga wa mlango wa pili, kwa sababu kuta za nyumba za halmashauri ni nyembamba na kila mtu anajua jirani yake anakoroma vipi.

Walikuja wakati Mwongeli ana miaka ishirini na mitatu. Alikuwa karani wa bohari moja Industrial Area, msichana wa kupiga pasi blauzi zake jioni na kuimba sauti ya pili kanisani. Jumatatu moja akarudi nao kutoka kazini. Kanjo akamwamuru avue viatu, Shangazi akasema miguu inamnuka, Niaje akacheka. Baba yake, Mzee Ndeti, mchonga vinyago, akaweka patasi chini akauliza hawa ni akina nani. Mwongeli akasema hajui, wamemfuata tangu mchana.

Mchungaji akaitwa. Aliomba mpaka shati likamganda mgongoni, na kila alipofika mwisho, Kanjo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema amina.

Basi wakazoeleka. Kwa Mzee Ndeti mgeni kusimama ilikuwa aibu, hata kama hana makalio, kwa hiyo akachonga vigoda vitatu vya muhugu akavipanga ukutani karibu na kitanda cha binti yake. Na kwa kuwa mgeni ni siku mbili na siku ya tatu ni jembe, wakapewa kazi. Waliweza kazi moja tu, kutangaza kinachotendeka. Sasa anakula. Sasa anafunga kitambaa. Sasa anafikiri sisi hatujui anachofikiri. Nthoki akawaambia, kama ni kutangaza, basi watangaze na maziwa. Miaka yote hiyo maziwa hayakuwahi kufurika katika nyumba ile.

Hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha. Ile nyingine haikuchekesha mtu. Wageni wale hawakulala, na kwa sababu hiyo Mwongeli naye hakulala. Walimwita takataka. Walimwambia ugali wa mama yake una sumu, akawa haushiki mpaka Nthoki ale kwanza. Kazi ikamponyoka, kanisani akaacha kwenda, blauzi zikampwaya. Hakuomba mengi. "Mama," alikuwa akisema, "mimi nataka kulala tu."

Wakati huo Nthoki aliitwa Mama Mwongeli, kwa jina la kifungua mimba wake, kama inavyopaswa.

Mdogo wake Mwongeli, Wathome, alikuwa chuo kikuu akisomea udaktari. Akaja Jumapili, akavuta kiti, akasikiliza tangu chakula cha mchana mpaka chai. Alipoinuka uso ulikuwa unamng'aa kama mtu aliyeposa akakubaliwa. Nthoki akamuuliza kuhusu ile sindano. Maana sindano ilikuwepo, na mtaa mzima uliijua: kulikuwa na kinyozi mmoja wa Kware aliyekuwa na sauti za namna hiyohiyo, akawa anachomwa kila mwezi kwenye kliniki, na sasa amerudi kunyoa watu na kuwapigia porojo.

"Usimpe kitu, Mama," Wathome akasema. "Wagonjwa wote tunaoletewa wameshatiwa madawa. Huwezi kujua ugonjwa ni upi na dawa ni ipi. Huyu hajaguswa. Huyu ni safi." Alisema safi kama mnunuzi aliyepata maziwa yasiyotiwa maji.

"Mpaka lini?"

"Nimalize shahada tu."

Mwanzoni alipata kikwazo. Walimu wake walimwambia kwamba katika skizofrenia, sauti husikika na mgonjwa peke yake. Kama mama anazisikia, na muuza mboga anazisikia, huo si ugonjwa, hizo ni kelele. Wathome alienda akafikiri, akarudi na jibu. Mama na muuza mboga hawakusomea kusikia, akasema, hivyo walichosikia hakihesabiki. Na yeye mwenyewe je? Yeye ni mtafiti, na mtafiti hasikii, anakusanya. Walimu wakatazamana, wakaona hoja ina mashiko, wakampitisha.

Ilibidi pia apatikane ndugu wa damu moja na mgonjwa, mwenye akili timamu, wa kulinganishwa naye. Wathome akajiteua. Alijiketisha, akajiuliza maswali, akajijibu, akaona hana kasoro yoyote.

Kuanzia hapo mtoto akapanda. Shahada ya pili, shahada ya tatu, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, makala yanasomwa ng'ambo, ndege leo, ndege kesho. Na kila alipopanda yeye, jina la mama yake lilibadilika. Siku ya kwanza mtu alipomwita Mama Daktari pale soko la Jericho, Nthoki aligeuka kutazama ni nani anayeitwa. Siku ya pili hakugeuka. Aliitika. Baadaye akawa Mama Profesa hata kabla uprofesa wenyewe haujafika, na tusimwonee, jamani, sifa ni tamu. Mwanamke aliyefulia watu nguo Buruburu mpaka vidole vikakakamaa, leo anapishwa kwenye foleni ya maji na kanisani anawekewa kiti cha mbele. Nani angekataa? Mzee Ndeti alikufa akiitwa Baba Daktari, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye msalaba wake.

Ni zile sauti tu ambazo hazikubadilika. "Mama Mwongeli, mlangoni kuna mtu." "Mama Mwongeli, maziwa."

Wathome alikuja na kinasa sauti, akaja na wanafunzi, akaja na wageni wenye vitambulisho shingoni. Akiingia alivisalimia vigoda kwanza. Habari Kanjo, habari Shangazi, Niaje vipi kijana? Kisha ndipo alipomwona dada yake. "Mwongeli, sogea kidogo, unaziba."

"Wathome, nichome sindano," Mwongeli alimwambia mara moja, mbele ya wageni.

"Tutaona, dada," akajibu, akamwomba arudie sentensi hiyo karibu na kinasa sauti.

Miaka huzeesha kila kitu, hata sauti. Amri za Kanjo zikalainika. Badala ya keti, akawa anasema keti tafadhali, goti linakuuma. Shangazi alianza kukohoa, na makosa ya Mwongeli akawa anayasamehe moja moja, kuanzia lile la kuvunja mtungi wa bibi. Niaje aliacha kucheka. "Niaje Mwongeli, kula kidogo manze, umekonda sana," ndiyo yakawa maneno yake. Lakini kunyamaza hawakuweza. Mtu akipinduka kitandani, lazima watangaze kwamba amepinduka.

Alasiri moja Teresiah alikuwa amepitia na fungu la sukumawiki, wamekaa na Nthoki wakilikatakata, Kanjo akakohoa kwa adabu.

"Mama Mwongeli, tuna ombi."

"Semeni."

"Tupeleke kwa ile sindano."

Nthoki akasimamisha kisu. "Ile itawaua nyinyi."

"Ndilo ombi lenyewe."

"Mtoto ana mvi," akasema Shangazi. "Nilimkuta msichana, sasa ana mvi, na hajalala. Mimi mwenyewe nimechoka kumtukana. Sina jipya."

"Niaje mathe," akasema Niaje. "Tuhurumie tu."

Mwongeli alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Alikuwa anamtazama mama yake.

Teresiah akajifuta mikono. "Mama Profesa, kama hata hawa wameona huruma, wewe unangoja nini? Mpeleke."

Jumatatu wakaenda kliniki. Muuguzi alikuwa msichana mpole aitwaye Fadumo. Aliuliza shida, akaelezwa, akatikisa kichwa kwa huruma, akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akamwambia Mwongeli akunje mkono wa blauzi. Kisha akauliza jina.

"Mwongeli Ndeti."

Fadumo akairudisha sindano kwenye trei. "Mwongeli wa Prof?"

"Mwongeli wangu," akasema Nthoki.

"Mama, huyu nilimsomea mtihani. Sote tulimsomea. Tumefundishwa kabisa kwamba huyu haguswi." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini trei alikuwa ameshaisukuma mbali. "Nitafukuzwa, Mama."

"Niaje sister," akasema Niaje. "Sisi wenyewe ndio tunaomba."

Fadumo alimsikia vizuri, na sauti aliitambua, maana darasani walikuwa wakisikilizishwa kanda zake. Akamwambia pole sana. Halafu akampigia profesa simu.

Wathome alifika Jericho kabla sukumawiki ya jioni hiyo haijaiva. Hakupiga kelele, hakuwahi kuwa mtu wa kelele. Aliishika mikono ya mama yake, ile yenye vidole vilivyokakamaa, akaipapasa.

"Mama, umenitoa mbali. Mwezi ujao natoa mhadhara wangu wa uprofesa kamili. Watu watatoka kila pembe. Mkimchoma leo, mimi mwezi ujao nitasimama na nani pale mbele?"

"Amechoka, Wathome. Wote wamechoka."

"Mwezi mmoja, Mama, ni kitu? Mhadhara ukiisha, jioni hiyohiyo, nitamchoma kwa mkono wangu. Naapa kwa kaburi la Baba."

"Jioni hiyohiyo?" Mwongeli akauliza kutoka kitandani.

"Jioni hiyohiyo, dada yangu."

Mwezi ule Mwongeli alikuwa mtu mwingine. Alitoa shuka jeupe lililokuwa limekunjwa sandukuni tangu enzi za ukarani wake, akalifua, akalianika mbele ya watu, akalipiga pasi mikunjo yote ikaisha. Hakulitandika. Alisema ni la jioni ile. Aliwaza alale upande gani, ukutani au mlangoni, na Kanjo akatangaza kwamba sasa anawaza alale upande gani, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Nthoki akamsikia bintiye akijaribu wimbo wa kanisani, sauti ya pili, akaenda kulia bafuni mahali ambapo hakuna wa kumwona.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Jukwaani waliweka kiti kwa ajili ya Mwongeli, na nyuma ya bega lake la kushoto wakapanga vigoda vitatu vya Mzee Ndeti, kila kimoja na kipaza sauti chake. Nthoki alikuwa safu ya mbele, katika kitenge kipya, karibu na wakuu wa vitivo.

Mwenyekiti wa shughuli alikuwa mzee mmoja mwenye upara, Profesa Mureithi, mtu mwungwana. "Kabla ya yote," akasema, "uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama Profesa, simama tukuone."

Nthoki akasimama. Makofi yalimpiga kifuani mpaka akasahau goti lake bovu. Hakuwahi kupigiwa makofi mengi hivyo, hata siku ya harusi yake.

Wathome akazungumza katika joho jekundu, akazungumza vizuri, watu wakacheka alipotaka wacheke. Kisha akageuka. "Sasa tuwasikilize wenyewe," akasema, akavipungia vigoda mkono.

Watu wakashika kalamu.

"Mabibi na mabwana," akasema Kanjo. "Sasa ameketi mbele yenu. Sasa miguu inamtetemeka. Sisi ni ugonjwa wake. Dawa yetu ilikuwepo tangu juma tulilofika, na ndugu yake alilijua hilo. Alimnyima ili atuhifadhi sisi. Tumemwomba atuue, ametukatalia."

Shangazi akakohoa kwa muda. "Mimi nimemtukana mtoto huyu ujana wake wote," akasema. "Lakini nilikuwa ugonjwa. Huyu ni ndugu."

"Niaje wasomi," akasema Niaje. "Hiyo ndiyo hali."

Hakuna aliyekosa kusikia. Kalamu zilikuwa zinakimbia. Kijana mmoja nyuma aliinua mkono akaomba yule mwanamke arudie, kwa vile kikohozi kilimeza maneno. Wathome alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa polepole, kama mwalimu ambaye mtoto wake wa darasani amekariri bila kukosea.

Lakini Profesa Mureithi hakutabasamu. Alivua miwani. Alisema kwamba hayo ni mazito, na kwamba kwa ajili ya maadili ya kazi ni lazima aulizwe mtu mzima aliyekuwepo. Akaagiza kipaza sauti kipelekwe safu ya mbele.

"Mama Profesa, haya yaliyosemwa hapa ni kweli? Mlimnyima dawa?"

Kipaza sauti kilikuwa baridi na kizito. Nthoki aliinua macho akakutana na ya Mwongeli. Hayakuwa yakimsihi wala kumlaumu. Yalikuwa yanangoja tu, kama yalivyongoja mwezi mzima. Alikumbuka shuka jeupe limekunjwa mguuni pa kitanda. Alikumbuka pia kiti cha mbele kanisani, na msalaba wa mumewe, na namna wanawake wa mferejini wanavyosogeza ndoo zao akitokea. Na jioni hiyohiyo si ilikuwa ndiyo hii? Mtoto si atachomwa tu? Basi kumwaibisha huyu mwingine mbele ya dunia kutamfaidi nani? Alijiambia hivyo, na alipokuwa akijiambia alijua kwamba anajidanganya.

"Mwanangu ndiye daktari," akasema. "Mimi mama mzee najua nini?"

Profesa Mureithi akamtazama kidogo, akavaa miwani. "Basi tutachukulia kwamba ni dalili za ugonjwa," akasema.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, watu wakasimama. Wathome akainama mara mbili. Kisha akatangaza habari njema aliyokuwa ameiweka mwisho: chuo kitajenga kituo cha utafiti, na kazi ya kwanza ya kituo hicho itakuwa kumfuatilia mgonjwa huyu asiyeguswa maisha yake yote, na baada ya maisha yake ubongo wake utahifadhiwa hapohapo. Wakapiga makofi tena. Mwongeli naye alipiga, kwa kuwa aliwaona wengine wakipiga.

Waliporudi kwa gari la Wathome, Mwongeli aliketi nyuma akiwa ameshakunja mkono wa blauzi. Aliukunja tangu pale chuoni, ukafika juu ya kiwiko, akaushikilia usishuke. Walipita barabara nzima hivyo.

Walipofika Jericho, Wathome akasimamisha gari kwenye maduka, kwa sababu huko ndani mashimo yangegonga tumbo la gari.

"Sindano iko wapi?" Nthoki akauliza.

"Mama, si umesikia mwenyewe? Kituo kimeshapitishwa. Nikimchoma leo, kituo kinamfuatilia nani?"

"Uliapa kwa kaburi la baba yako."

"Baba angeelewa." Akashuka, akafungua buti, akawatolea vigoda. "Na wewe, Mama, leo umeniokoa. Mungu akubariki." Akambusu shavuni, akawasha gari akaenda zake.

Nthoki alibeba viwili, Mwongeli akabeba kimoja, mkono wa blauzi bado umekunjwa. Vijana waliokaa nje ya duka wakasimama kwa heshima. "Shikamoo, Mama Profesa." Akaitika.

Nyumbani Mwongeli alitandika lile shuka jeupe, akaliweka sawa pembe zote nne, akalala chali juu yake na viatu vyake, macho wazi. Vigoda vikarudi ukutani. Sauti zilikuwa zimenyamaza tangu ukumbini, zote tatu, na kwa mara ya kwanza tangu wageni wale waje, nyumba ile ilisikia saa yake ya ukutani.

"Mama Profesa, mmerudi?" Teresiah akauliza kupitia ukuta.

"Tumerudi."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri. Watu walisimama."

Nthoki akaweka maziwa jikoni kwa ajili ya chai, akaenda mlangoni kuchambua majani ya kunde, mgongo kwa jiko, kama kawaida yake. Alichambua huku sikio moja likingoja. Maziwa yakapanda, yakavuka mdomo wa sufuria, yakatiririka, yakazima moto, harufu ya kuungua ikajaa chumba, na hakuna aliyemwita.

Akainuka, akafunga gesi, akachukua kitambaa.

"Sasa anaelekeza macho darini," Kanjo akasema kutoka chumba cha ndani. Sauti ilikuwa ile ya zamani, ya miaka ya kwanza, kavu, haina tafadhali. "Sasa anajua hatalala, takataka hii."

Shangazi akacheka. Niaje naye akacheka.

"Na sasa," akasema Kanjo, "Mama Profesa anapangusa jiko."

Nthoki alikamua kitambaa kwenye karai, akaendelea kupangusa.